Deni Usilolijua Kwenye CRB: Usilipe Ili Yaishe

Ukikuta deni usilolijua kwenye ripoti yako ya CRB, na liwe dogo, kila mtu atakushauri ulipe tu yaishe. Binamu yangu ameambiwa hivyo juu ya shilingi 1,340 za programu ya mikopo ambayo hajawahi kuiweka kwenye simu yake. Mimi napinga.

Ukilipa, umekubali kwamba deni ni lako. Rekodi haifutiki, inageuka tu kuwa "alichelewa, kisha akalipa", na kwa kanuni za Kenya taarifa mbaya hubaki kwenye faili miaka 5 tangu deni limalizwe. Yaani unanunua kovu kwa pesa zako mwenyewe.

Sisi tunaoandika programu tunajua mambo haya hutokeaje. Rekodi hufungwa kwa nambari ya kitambulisho. Mimi na rafiki yangu tulipanga foleni pamoja siku ya kuandikishwa, na nambari zetu zinapishana tarakimu ya mwisho tu. Karani akibonyeza 6 badala ya 5, deni langu limehamia kwake, na kompyuta haioni ajabu yoyote kwa sababu zote mbili ni nambari za watu halisi. Linganisha na kadi ya benki. Tarakimu yake ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa hesabu aliyobuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950. Kosea tarakimu moja tu, mfumo unaikataa papo hapo. Hesabu yenyewe ni mistari kama kumi ya programu, jamani! Halafu wapo wanaokopa makusudi kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na hebu fikiria umeacha nakala ya chako kwa watu wangapi.

Kwa hiyo anayedai ndiye athibitishe. Pesa zilitumwa kwa nambari gani ya simu, tarehe gani, saa ngapi? M-Pesa hutoa nambari ya muamala kila pesa zinapotumwa, basi asiniambie ni kazi ngumu kuitafuta. Rekodi isiyo na ushahidi nyuma yake mimi naiita hitilafu.

Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Chukua zote tatu, maana kilichoandikwa kwa moja huenda hakipo kwa jingine. Kisha peleka pingamizi kwa maandishi, kwa shirika na kwa mkopeshaji pia. Simu usitegemee, haiachi alama. Uliza ile notisi ya siku 30 iko wapi, kwani mkopeshaji anatakiwa kukuarifu kabla ya kukuorodhesha. Kama deni halifiki shilingi 1,000, kanuni za 2020 haziruhusu liorodheshwe kabisa.

Wakikupuuza, nenda Benki Kuu, ambayo tangu 2022 ndiyo yenye kuwapa leseni wakopeshaji wa kwenye simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kudai taarifa za uongo juu yako zirekebishwe au zifutwe. Itaje kwenye barua, na kwenye barua hiyo usiandike popote "deni langu". Andika "deni linalodaiwa kuwa langu".