Kudaka ndege angani: Kwenda ni rahisi, kurudi kazi

Meli ya mafuta ya Mercer Street ilishambuliwa karibu na pwani ya Oman tarehe 29 Julai 2021, na watu wawili wakauawa, Mwingereza na Mromania.

Ndege isiyo na rubani iliyotumika ilikuwa ya kwenda bila kurudi.

Miezi mitatu baadaye, katika jimbo la Utah, Marekani, wahandisi walifanikiwa kufanya kinyume chake: ndege ya aina hiyo, X-61A, ilidakwa ikiwa angani na ndege kubwa ya mizigo, C-130.

Mjini Muscat habari hiyo ina uzito wake, kwani Jeshi la Anga la Oman nalo linazo C-130. Lakini kuwa na ndege hakutoshi.

Hewa iliyovurugika

Ndege kubwa huipasua hewa kama jahazi lipasuavyo maji. Hewa iliyo chini ya bawa, yenye mgandamizo mkubwa, huzunguka ncha kukimbilia juu, na kuacha nyuma vimbunga viwili. Kati yake hewa husukumwa chini kwa nguvu.

C-130 iliyosheheni hufikia tani 70. X-61A ina takriban kilo 700. Ikikaribia mno, huyumbishwa kama ngalawa nyuma ya meli.

Ndiyo maana kifaa cha kuidakia huteremshwa kwa kamba, chini na nyuma ya ndege kubwa, kwenye hewa tulivu. Ikishanaswa huzima injini, hukunja bawa, kisha huvutwa ndani.

Hata hivyo, majaribio tisa ya mwaka 2020 yalishindwa. Mwaka 2021 ndege moja ilidakwa, nyingine ikaharibika.

Joto la Ghuba

Muscat ina kikwazo chake. Joto likipita nyuzi 40, hewa huwa nyepesi. Bawa hulazimika kwenda kasi zaidi ili kunyanyua uzito ule ule, ilhali injini hupungua nguvu.

Njia nyepesi ilionekana pwani ya Somalia, Aprili 2009, wakati wa utekaji wa Maersk Alabama. Jeshi la majini la Marekani lilitumia ScanEagle, ndege ndogo inayonaswa kwa kamba ya wima ikirejea melini.

Kwa mabaharia wa Afrika Mashariki, hapo ndipo penye tatizo: anayelinda bahari hugharimia safari mbili, kwenda na kurudi. Anayeishambulia hugharimia moja tu.