Visima vya maji vilindwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mafuta yanayotafutwa katika bonde la Eyasi-Wembere, linalofika Mkoa wa Singida.

Tangu 1972 huko Texas, Marekani, hewa ukaa hushindiliwa visimani ili ilainishe mafuta yaliyogoma kutoka. Hewa hiyo hata sisi tunayo: huvunwa Rungwe na kutiwa katika soda. Lakini ikivujia maji ya ardhini huyachachusha, na maji hayo huweza kuyeyusha madini ya miamba.

Huku kanda ya kati tunaishi kwa visima. Dodoma mjini tunategemea Makutupora. Mafuta yakipatikana, wanaohusika wasiruhusu njia hiyo kabla ya kupima visima vyote vya wananchi. Mafuta yatakwisha, kiu haiishi.

Mwananchi,
Dodoma.