Karatasi Haitawali Nchi

Wako watu wengi wasemao, "Tupewe katiba njema, nasi tutapata serikali njema." Neno hili husemwa barazani na sokoni, nalo hupendeza masikioni. Lakini mimi nalipinga, maana mambo ya nchi nyingine yashuhudia vingine.

Na tutazame nchi mbili ambazo katiba zake zilifanana kama mapacha, yaani Marekani na Liberia. Liberia ilipojitangaza kuwa jamhuri mwaka 1847, viongozi wake, ambao wengi walitoka Marekani, waliiga katiba ya huko: rais, mabaraza mawili ya kutunga sheria, na mahakama. Mbegu ilikuwa moja. Je, mavuno yalikuwa mamoja? La, hata kidogo.

Huko Marekani, George Washington aliacha urais mwaka 1797 baada ya vipindi viwili, wala hapakuwa na sheria iliyomlazimisha. Baada yake hapakuwa na rais aliyevuka mpaka huo, hata Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu mwaka 1940. Mpaka wenyewe ulitiwa katika katiba mwaka 1951 tu. Basi kwa zaidi ya miaka 140 ulilindwa na desturi. Sisemi kwamba Wamarekani ni malaika, maana katiba yao iliwaacha watu weusi utumwani hata 1865. Nasema tu kwamba desturi ilifanya kazi ambayo karatasi haikuifanya.

Huko Liberia, chama kimoja, True Whig, kilishika serikali tangu 1878 hata 1980. Uchaguzi ulikuwapo, lakini uchaguzi gani! Mwaka 1927 Rais Charles King alitangazwa kupata kura zaidi ya 200,000, na wenye haki ya kupiga kura hawakufika 20,000. William Tubman aliingia mwaka 1944. Katiba ikabadilishwa ili aendelee, naye akatawala hata kufa kwake mwaka 1971. Wenyeji wa bara walikaa karibu miaka 100 bila kura. Mwisho wake ukawa mapinduzi ya tarehe 12 Aprili 1980, na baadaye vita.

Labda mtu atajibu, "Basi desturi imo katika damu, na sisi hatukuzaliwa nayo." Huo ni uvivu wa mawazo. Ujerumani ilikuwa na katiba iliyosifiwa, ya mwaka 1919. Hata hivyo tarehe 23 Machi 1933 wabunge wenyewe, wengine kwa hofu na wengine kwa kupenda, walimpa Hitler uwezo wa kutunga sheria pasipo bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Lakini tangu 1949 wajukuu wa watu wale wale wamejifunza kubadili serikali kwa kura. Damu haikubadilika; malezi yalibadilika. Na Liberia yenyewe, mwezi wa Novemba 2023, Rais George Weah alikubali kwamba ameshindwa na Joseph Boakai, hata kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa.

Basi desturi hufunzwa wapi? Haianzii ikulu. Huanzia katika chama cha ushirika, ambamo mweka hazina asoma hesabu mbele ya wote. Huanzia katika kamati ya shule, ambamo mwenyekiti huondoka siku zake zikiisha, wala hanuni. Sisi tunaomwacha mwenyekiti wa kijiji akae miaka ishirini kwa kuona haya kumwuliza, kisha twamlaumu rais afanyaye vivyo hivyo, twamlaumu kwa haki gani? Na auzaye kura yake kwa kilo ya sukari ameichana katiba kwa mikono yake mwenyewe.

Katiba njema na iandikwe, siipingi. Lakini mkutano ujao wa kijiji utakapoitwa, nendeni, ulizeni hesabu, wala msiondoke hata mjibiwe. Samaki mkunje angali mbichi.