Daftari la wiki: Tuta la Bugarama

Kijiweni Bugarama wiki hii tumebishania tuta. Liko upande wa mashambani, limeota nyasi, na juu pamekaa sawa. Mzee mmoja anasema hapo palikuwa boma la mtemi. Vijana wa mwaloni, panaposafishwa dhahabu, wanasema ni udongo uliotolewa kwenye duara la zamani, yaani shimo la machimbo. Mimi nimesema ni kichuguu. Huku kwetu, ambako kila aliyekuja kusaka dhahabu ameacha rundo lake la magwangala (mawe ya mabaki) au marudio (mchanga uliokwisha kusafishwa), umbo peke yake halithibitishi kitu.

*

Hata hivyo, mzee ana hoja. Karne ya 19 vijiji vingi vya Unyamwezi na Usukuma vilizungushiwa nguzo zilizobanana, na nje uzio wa minyaa. Mwaka 1871 msafiri Stanley aliungana na Waarabu wa Tabora kumpiga mtemi Mirambo. Waliteka boma la Wilyankuru, kisha Mirambo akawavizia wakirudi na nyara, na vita ikawageukia. Leo nguzo za maboma hayo utazitafuta wapi? Mchwa hula boma, halafu hujenga kichuguu palepale. Ubishi wetu huenda hauna mshindi mmoja.

*

Dawa ni kukata mtaro na kusoma udongo. Nguzo iliyooza ardhini huacha doa jeusi la mviringo. Madoa yakijipanga mstari, hapo palikuwa na ukuta. Mchimbaji aliyewahi kukuta matimba (magogo ya kushikilia duara) yaliyooza hahitaji kufundishwa hili.

*

Uganda wametutangulia. Ntusi, wilaya ya Sembabule, kuna vilima viwili ambavyo watu huviita dume na jike. Wataalamu walipochimba walikuta mifupa ya ng'ombe, vigae na majivu. Jalala! Lakini jalala la mji wa wafugaji na wakulima ulioanza karibu miaka 1,000 iliyopita, na mimi nalithamini kuliko ngome tupu. Ngome yenyewe haiko mbali: Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, ina mahandaki yanayozidi kilomita 10, mengine yamechongwa kwenye mwamba. Wenyeji husema waliojenga ni Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi.

*

Uingereza nako walibishana. Kilima cha Marlborough kilibeba ngome ya Wanormani, na wengi wakaamini ndio walioirundika ile ardhi. Mwaka 2011 mkaa uliotolewa ndani yake ulipimwa: kilijengwa karibu mwaka 2400 kabla ya Kristo. Wanormani walikuta kilima tayari, wakapanda juu.

*

Madereva wa malori ya kifusi, tuta hilo msiliguse kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Mwenye shamba akiokota kigae au ncha ya mshale, asikisafishe wala asikiuze. Aweke alama alipokiokota, kisha amwite afisa utamaduni wa wilaya.