Mkulima na Shamba Lake: Fanya Juu Iliyookoa Vilima vya Ukambani

Mvua kubwa inyeshapo juu ya mtelemko usio na kinga, mwenye shamba huyaona maji mekundu yakiteremka kwenda mtoni, naye hudhani kwamba kinachopotea ni maji tu. Kumbe kinachokwenda ni shamba lenyewe. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, na kina chake si kikubwa. Uliojengeka kwa karne nyingi huweza kuchukuliwa katika misimu michache. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na vilima vya Machakos ni ushahidi wa maneno hayo.

Katika miaka ya 1930 Wakamba walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya rizavu, na sehemu za malisho walizozitumia zamani zilikuwa zimekatazwa kwao. Watu na ng'ombe walibanana mahali pamoja. Majani yaliliwa mpaka mizizi, na maji ya mvua yakachimba makorongo. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, afisa wa serikali aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa ya kutisha juu ya uharibifu huo, na wengi walioisoma waliona kwamba nchi ile haitapona tena.

Dawa iliyochaguliwa na serikali ya wakati ule ilikuwa ni amri. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini ili mifugo ipungue. Julai mwaka ule ule, wanaume, wanawake na watoto wa Ukambani walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakitaka Gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha amri ile iliondolewa. Baadaye watu waliamrishwa kuchimba makinga ya maji. Waliyachimba kwa kuwa walilazimishwa, na kazi ya kulazimishwa haina mwangalizi: makinga mengi yaliachwa yakajaa mchanga, na mvua zilizofuata zikayabomoa.

Ajabu ni kwamba watu wale wale, na watoto wao, ndio waliokuja kuvipamba vilima vyao kwa matuta. Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni faida. Kahawa ilipoanza kuruhusiwa kwa wakulima Waafrika wa vilima vya Machakos katika miaka ya 1950, na mboga na matunda yalipopata soko Nairobi, mkulima aliona kwamba tuta hulipa gharama yake. Ya pili ni uhakika kwamba shamba ni lake na la watoto wake. Ya tatu ni mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya jirani kusaidiana kazi kwa zamu. Vikundi hivyo, ambavyo wengi wa watu wake walikuwa wanawake, vilichimba shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Baada ya uhuru wa 1963 kazi ililegea kidogo kwa kuwa watu walikumbuka amri za zamani. Kisha ikashika kasi kwa hiari yao, na tangu 1974 mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, uliosaidiwa na Uswidi, ukawaongezea nguvu.

Tuta walilolipenda ni lile liitwalo fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaokingama na mtelemko, wenye upana wa futi 2 na kina cha futi 2, naye huutupa udongo upande wa juu, si upande wa chini. Huacha ukingo mwembamba kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi shimoni. Kuutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuuacha uteremke, lakini hapo ndipo penye siri. Maji ya mvua hukutana na tuta, husimama, hutua udongo wake na kuzama taratibu. Mwaka baada ya mwaka udongo hujikusanya nyuma ya tuta, mpaka mtelemko hugeuka kuwa ngazi pana zilizo karibu na usawa.

Mstari wa mtaro lazima uwe sawa kabisa. Ukiinama, maji yote hukimbilia upande mmoja na kuvunja tuta. Kwa kazi hii zatosha fimbo mbili za urefu mmoja, kamba, na pima maji ya kuning'inizwa katikati ya kamba. Pale ambapo ardhi huteremka kiasi cha mita 15 katika kila mita 100, na udongo una kina cha kutosha, yafaa kuacha kama mita 12 kati ya mtaro na mtaro. Mtelemko ukizidi, mitaro hukaribiana. Penye mawe mengi au udongo mchache sana, afadhali pasichimbwe.

Juu ya tuta hupandwa majani ya makarikari au ya Napier. Mizizi yake hushika udongo, na majani hukatwa kulisha ng'ombe aliyefungwa zizini. Naye ng'ombe hurudisha samadi shambani. Hapo pana jambo la kukumbukwa: tuta huzuia udongo usiondoke, lakini halileti rutuba peke yake. Samadi, kunde na mbaazi zilizochanganywa na mahindi, na mabua yaliyoachwa shambani badala ya kuchomwa, ndivyo vinavyoulisha udongo uliookolewa.

Matokeo yaliandikwa mwaka 1994 katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki. Tangu mwanzo wa miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa wilaya ya Machakos, ambayo leo ni kaunti za Machakos na Makueni, waliongezeka zaidi ya mara tano. Hata hivyo mmomonyoko ulipungua, na mazao kwa kila mtu yakaongezeka. Njaa haikukomeshwa, kwa maana ukame bado huja; lakini shamba lenye matuta hupata kitu pale ambapo shamba tupu halipati kitu.

Kwa mkulima mwenye mtelemko, wakati wa kuchimba ni kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba ambazo Ukambani huzitegemea zaidi. Aanze na mtaro ulio juu kabisa, maana wa chini hautaweza kuzuia maji ya shamba zima. Asiyeweza kuchimba yote aanze na mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, na kila baada ya mvua aukague na kuuzibua. Mwenye jirani ana mwethya, na haba na haba hujaza kibaba.