Picha ya ushahidi isilale katika simu moja

Ndugu vijana wa Goma na wa miji yote ya kwetu,

Leo tunaandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yetu sisi wenyewe.

Kwa miezi mitano tulipiga picha robine za kata moja ya mji wetu. Robine zilifunguliwa kwa ngoma na hotuba, kisha zikakauka. Tulipiga asubuhi, tulipiga jioni, tulipiga wamama na bidoni zao wakishuka ziwani. Siku tulipoingia ofisini kuuliza, mkubwa mmoja alitutazama akasema: "Maji iko. Kama munasema hakuna, mulete ushahidi." Tukatafuta ushahidi. Simu iliyokuwa na picha zote ilikuwa imekamatwa katika maandamano, ikarudi tupu. Tukabaki na picha nane zilizopita WhatsApp, zenye ukungu, bila tarehe. Mkubwa akacheka. Tukatoka.

Tusimlaumu yeye peke yake. Kazi yake ni kukana, na aliifanya. Kazi yetu ilikuwa kutunza, na hatukuifanya.

Wengine wanasema: "Sisi tuliweka picha kwenye mtandao, basi ziko salama." Hapana, ndugu. Nyumba ya kukaa bure, mwenye nyumba anabadilisha masharti siku anayotaka. Mwaka 2017 Photobucket ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa mtu anayetaka picha zake zionekane kwenye kurasa zingine, na picha nyingi sana zikatoweka kwenye kurasa za dunia nzima. Novemba 2018 Flickr ilitangaza kwamba asiyelipa atabaki na picha 1,000 tu. Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo. Leo asiyelipa iko na gigabaiti 15, tena anazigawana na barua pepe zake. Hatusemi hao ni wezi. Ni wafanyabiashara. Bure yao iko na mwisho, lakini tarehe ya mwisho hawaiandiki mlangoni.

Na hata mtandao wenyewe si wetu. Kumbukeni uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018: kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu siku 20. Aliyekuwa na picha zake mtandaoni tu, alikuwa mikono mitupu siku zile zile alizozihitaji.

Mwingine anasema: "Mimi nimeweka kwenye fleshi, iko nyumbani." Nyumbani wapi? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku. Siku chache baadaye tukaambiwa tutoke mjini, na watu wakakimbilia Sake, Gisenyi na Bukavu. Nani kati yetu alikumbuka fleshi?

Juu ya nini tunapiga kelele hivi kwa sababu ya picha? Juu picha iliyotunzwa vizuri inafika mbali. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu waliotenda katika Kivu Kusini. Katika ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness to Atrocities, inayoandika saa na mahali picha ilipopigwa na kuonyesha kwamba haikuguswa. Basi picha ya kwetu, iliyopigwa na simu, inaweza kusimama mbele ya jaji. Lakini haisimami kama imekwisha kupita katika vikundi kumi vya WhatsApp.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha mtaa kifuate mambo haya.

Kwanza, kila picha ya kazi iwe na nakala tatu: moja katika simu au mashini, moja katika fleshi au disiki, moja mtandaoni. Fleshi ya pili ipande boti, ikae Bukavu kwa ndugu wa kuaminika. Huko nako wafanye vile vile, watutumie za kwao.

Pili, picha ya asili isiguswe. WhatsApp inapunguza picha na kufuta tarehe na mahali vilivyoandikwa ndani yake. Ukiwa huna njia nyingine, tuma kama dokima, usitume kama picha.

Tatu, kabla ya kuchagua kampuni ya kuweka picha, uliza maswali manne. Inatunza picha kama ilivyotoka katika simu, ao inaikata? Naweza kutoa picha zangu zote kwa mara moja nikitaka kuhama? Nikiacha kulipa, picha zinakwenda wapi? Nani anaweza kuziona? Kampuni isiyojibu wazi, tuiache.

Nne, tulinde watu. Picha yenye mahali ndani yake inaweza kumpeleka mtu mbaya mpaka mlangoni kwa shahidi. Ya asili ifichwe, kwa neno la siri ambalo angalau watu wawili wanalijua. Ya kutangaza itolewe mahali, na sura za mashahidi zifunikwe.

Tunajua mega ni ghali na umeme unakatika. Njo maana hatusemi mupandishe kila kitu. Kila juma kikundi kichague picha kumi zenye maana, kiandike tarehe, avenue na jina la kitu kinachoonekana, kizipandishe hizo. Mega za kutumiana vichekesho tunazipata kila siku. Za picha kumi tutakosa?

Kila kikundi kichague watunzaji wawili kabla ya Jumapili. Wasiwe wale wanaotangulia mbele ya maandamano, maana wale ndio simu zao zinakamatwa kwanza.

Robine bado ni kavu. Jumatatu tunaanza kupiga upya, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Na safari hii, mkubwa akisema "mulete ushahidi", tutauweka mezani, na atajua nakala zingine ziko mahali mkono wake haufiki.