Dhoruba ya Jua: Kusini Ndio Kuna Ngori

Mnakumbuka Mei 2024? Dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku ya kiwango cha G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Starlink walikiri huduma imeshuka. Huko Marekani, wakulima walisimamisha trekta msimu wa kupanda juu GPS ilikuwa inawapoteza.

Wengi hudhani ni ukubwa wa mlipuko tu. Zii. Angalia sumaku yenye wingu la jua limebeba. Ikielekea kaskazini, ngao ya sumaku ya Dunia inajikaza na nguvu nyingi inapita kando. Ikielekea kusini, hizo sumaku mbili zinaungana, mlango unafunguka, nguvu inamwagika ndani.

Noma ni kwamba mwelekeo huo haujulikani poa hadi wingu lifikie satelaiti ziko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Hapo umebaki na dakika 15 hadi 60. Quebec, Machi 1989, stima ilianguka kwa sekunde kama 90, watu milioni 6 wakakaa giza masaa 9.

So ukiskia dhoruba inakuja, uliza kwanza: imeangalia wapi?